Naomba ushauri: waomba hifadhi, majirani na bomba moja la maji

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo, hasa kwa mliowahi kuwapangishia wageni hapa Kampala.

Kikundi chetu cha kanisa kimepanga vyumba vitatu Nsambya kwa familia kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, zinazosubiri majibu ya maombi ya hifadhi. Wangekwenda Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, huenda wangepata kiwanja na mgao wa chakula, lakini wamechagua mjini, na mjini mtu hujitegemea. Kodi tunachanga sisi.

Kinachotushinda ni bomba. Uani kuna moja tu. Alfajiri madumu yanapanga foleni mpaka mlangoni kwa mama mmoja anayekaanga chapati, wateja wake wanayaruka, na bili ya mwezi imepanda. Maneno yameanza: "Wao wanalipiwa, sisi nani atatulipia?" Siwalaumu, nao kodi inawabana.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Aliwaandikisha wageni kwenye daftari lake vizuri tu, ila kikao alichoitisha kiliishia kwa kelele. Wageni hawajui Kiganda, na Kiswahili hapa mnajua wenyewe, wengine hawakipendi.

Sasa nauliza: bili ya maji mnagawana kwa chumba au kwa idadi ya watu? Na tukilipia bomba la pili la wote, tuandikiane nini na mwenye nyumba ili kesho asipandishe kodi kwa sababu hiyohiyo? Fundi anasubiri jibu letu.