Nimebadilisha kioo cha mbele cha Forester, sasa taa za EyeSight zinawaka hovyo, fundi anataka achomoe kamera

Wa Kibaigwa
Wakuu habari za saa hizi, naomba msaada kwa wanaozijua hizi gari za kamera. Nina Subaru Forester ya 2016 yenye EyeSight, ule mfumo wa kamera unaoangalia mbele na kukamata breki wenyewe, wiki iliyopita natoka Dodoma kabla sijafika Gairo lori likanirushia jiwe kioo cha mbele kikapasuka, nikatafuta kingine cha bei nafuu fundi akafunga, hakivuji wala nini, ila tangu siku hiyo taa ya hitilafu ya EyeSight mara inawaka mara inazima. Jana asubuhi taa ilikuwa imezima, yaani mfumo unafanya kazi, niko nyuma ya daladala tena mbali tu, gari ikapiga kelele ikakamata breki yenyewe, bodaboda wa nyuma nusura aniingie na watoto nilikuwa nao. Fundi anasema achomoe plagi ya kamera yaishe. Nikubali?

Fundi Umeme
Mkuu usikubali, hata kidogo. Zile kamera mbili hapo juu karibu na kioo cha kati zinafanya kazi kama macho yako, funga jicho moja ujaribu kutunga uzi kwenye sindano utanielewa, gari inapata umbali kwa kulinganisha picha ya kushoto na ya kulia. Sasa kioo kikiwa na mawimbi, hata madogo ambayo wewe ukiendesha huyaoni, picha zinapinda na daladala ya mbali inaonekana iko puani. Fanya hivi, paki gari ukiangalia nguzo ya umeme, itazame nguzo kupitia pale pale kamera zinapochungulia alafu sogeza kichwa taratibu. Nguzo ikicheza kama iko ndani ya maji basi kioo hicho hakifai, tafuta orijino ya gari yenye EyeSight. Kikishafungwa lazima kamera zipimwe upya kwa mashine, gari kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi sawa, buti tupu, na bango la alama mbele kwa umbali uliopimwa. Anayekwambia anafanyia hapo barabarani kwenye mteremko mkimbie.

Shabiki wa Harrier
Binafsi ningechomoa tu, barabara zetu nyingi hazina hata mistari hiyo kamera itaona nini? Hizi ni za Japani huko.

Fundi Umeme
Hapana ndugu, mistari ni ya kukuonya unapotoka kwenye njia yako. Breki ya dharura haihitaji mistari, inahitaji kuona kilicho mbele, na siku umechoka ukikuta lori limesimama ghafla mbele yako utaishukuru.

Mama wa Thika
Nawasalimu kutoka Kenya. Huku sheria hairuhusu gari iliyozidi miaka 8 kuingia, kwa hivyo zinazoshuka Mombasa siku hizi nyingi zina hivi vitu, na mafundi wengi bado hawajazoea. Toyota nyingi ziko na rada nyuma ya logo ya grili, ile logo ni plastiki bapa imetengenezwa makusudi rada ipenye. Yangu iligongwa kidogo wakaniwekea logo ya kawaida na ngao ya chuma juu yake, rada ikawa haioni kitu, nikazunguka gereji tatu kumbe shida ni logo. Tafadhali mkinunua gari angalieni hapo kabla ya kulipa.

Fundi Umeme
Asante mama, umeongea jambo kubwa. Na wewe wa Kibaigwa, mpaka upate kioo tumia swichi ya kuzima breki ya dharura, bonyeza ushikilie mpaka taa yake iwake kwenye dashi, na urudie kila ukiwasha gari maana ukizima injini inajirudisha. Stika nazo usibandike mbele ya kamera.

Wa Kibaigwa
Nimetoka nje sasa hivi kuangalia nguzo. Upande wa kulia imetulia, wa kushoto inacheza kabisa, nimemuita na mke wangu naye kaona. Kioo natoa kesho, na plagi haichomolewi. Mwenye kujua gereji Dar yenye hayo mabango ya kupimia aje PM tafadhali.