Tupeane uzoefu: vyakula vizito vya baa tunavyovipika nyumbani, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Magharibi

Mpishi wa Lanet (mwanzilishi wa mada)

Wanajamii wenzangu, nawasalimu. Nimefungua mada hii kwa sababu naamini kwamba chakula kinachoshibisha na kuuliwaza moyo kuliko vyote katika miji yetu kimekaa miaka mingi nyuma ya kaunta za baa, mahali ambapo watoto hawaingii, wazee wengi wa kanisa hawapendi kuonekana, na asiyekunywa pombe hujihisi mgeni. Mbuzi wa kuchemsha, supu ya miguu ya ng'ombe, samaki mzima wa mchuzi, mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) na chipsi masala ni vyakula vinavyostahili kuliwa na familia nzima mezani. Naomba kila atakayechangia aeleze anavyopika na pia sababu ya kila hatua, maana orodha ya viungo peke yake haimfundishi mtu kupika.

Naanza na mbuzi wa kuchemsha. Kwa watu sita nanunua kilo moja na nusu, na ninamwomba muuza bucha anichanganyie mbavu, bega na shingo, akate pamoja na mifupa yake. Sehemu hizo zina gegedu na kano nyingi ambazo, zikikaa katika moto mdogo kwa muda mrefu, huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito wa kunata midomoni bila kutiwa unga wala mafuta. Paja la mnofu mtupu halifanyi hivyo, hukauka tu. Nyama naiweka katika maji baridi yanayoifunika kidogo, yakichemka naondoa povu kwa kijiko, kisha napunguza moto mpaka maji yawe yanatikisika taratibu. Baada ya saa moja hivi natia vitunguu, nyanya na karoti, halafu viazi nyama inapokaribia kulainika. Dania hutiwa wakati wa kuepua. Chumvi nayo naitia mwishoni, kwa kuwa mchuzi hupungua sana na ladha iliyokuwa sawa mwanzoni huja kuwa kali.

Jambo moja la Nakuru ambalo wageni hawalijui ni mwinuko. Mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 94 badala ya 100. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto zaidi katika sufuria ya kawaida. Unamaliza gesi bure. Mbuzi aliyekomaa anaweza kuhitaji saa mbili na nusu hapa. Mwenye sufuria ya presha aitumie bila aibu yoyote, kwani mvuke uliofungiwa hupandisha joto hadi kupita nyuzi 110 na kazi huisha kwa chini ya saa moja.

Nyar Dunga (Kisumu)

Asante sana, ndugu. Kwetu ziwani hoja ya mwinuko haitusumbui sana, kwa kuwa tuko chini yenu kwa zaidi ya mita 700. Mimi nazungumzia samaki mzima wa kukaangwa kisha kutiwa mchuzi, yule ambaye watu husafiri hadi vibanda vya ufukweni ili wamle kwa ugali, huku wakiamini kwamba nyumbani haiwezekani. Inawezekana kabisa, mradi ukubali kwamba nusu ya kazi iko kabla ya moto kuwashwa.

Mnunue ngege, yaani tilapia, mwenye matamvua mekundu na macho maangavu yasiyodidimia, na ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi mahali pake. Nyumbani mpare magamba, mtoe matumbo na matamvua, umsafishe utando mweusi ulio tumboni kwa sababu ndio wenye uchungu, kisha mkate mistari mitatu au minne kila ubavu hadi karibu na mfupa. Mistari hiyo hupitisha chumvi na joto, na mfupa wa mgongo huiva wakati mmoja na ngozi. Mpake chumvi na ndimu, umwache juu ya wavu achuruzike mpaka ngozi ishike kidole kidogo unapoigusa. Hatua hii ya kumkausha ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo sababu samaki wao hushikana na karai na mafuta hurukia mikono.

Mafuta yawe mengi na yawe moto sawasawa. Tupa kipande cha kitunguu: kikielea na kutoa povu mara moja, mtie samaki, kisha usimguse. Ngozi ikishakauka itaachana na karai yenyewe, na hapo ndipo unapomgeuza. Akiwa na rangi ya dhahabu mtoe, mwache apumzike, na katika sufuria nyingine kaanga vitunguu mpaka vilainike kabisa, tia kitunguu saumu na nyanya nyingi zilizoiva, uzipike mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ongeza kikombe cha maji ya moto, hoho na pilipili nzima isiyopasuliwa. Mlaze samaki humo kwa dakika saba au nane tu, ukimmwagia mchuzi kwa kijiko mgongoni. Akikaa zaidi ya hapo ile ngozi uliyoihangaikia hulegea na kuvuliwa kama gome la mti. Ugali uwe mgumu, wa kushikika, kwa sababu mchuzi huu ni mwepesi na unahitaji kitu cha kuuzoa.

Jirani wa Kondele

Naomba nimwongezee Nyar Dunga chakula ambacho watu wenye uwezo hukidharau, nacho ni mgongo wazi. Sangara aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipoongezeka sana katika miaka ya 1980 viwanda vilifunguliwa vya kukata minofu yake na kuisafirisha Ulaya. Minofu ilikwenda, kichwa na mifupa ya mgongo vikabaki, na akina mama wa mtaa wa Obunga wakavigeuza kuwa biashara na chakula. Hadi leo mgongo wazi uliokaangwa huuzwa humo mitaani, na watoto wengi wa Kisumu wamelelewa kwa chakula hicho.

Mimi hununua vichwa viwili na migongo, naviosha, navikaanga kidogo ili vipate rangi, halafu navichemsha pamoja na tangawizi, vitunguu na nyanya kwa muda usiozidi dakika arobaini. Mifupa ya samaki haihitaji saa nyingi kama ya ng'ombe. Ikizidishwa muda supu huanza kuwa chungu. Shavu na nyama ya nyuma ya kichwa ni laini kuliko mnofu wowote. Nasema kwa moyo wote kwamba hakuna supu ya baa inayoishinda hii asubuhi ya baridi, na gharama yake ni ndogo sana.

Mkulima wa Molo

Huku kwetu juu baridi ni kali na kondoo ni wengi, kwa hiyo nitaleta chakula cha baa za mbali ambacho kimepata makao mazuri katika nyumba yetu: pai ya mchungaji ya Waingereza, yaani nyama ya kondoo ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vilivyopondwa na kuokwa. Mjomba wangu aliyefanya kazi ya upishi hotelini ndiye aliyetufundisha, na nadhani ni chakula kilichozaliwa kwa ajili ya Molo, kwa maana kila kinachohitajika kinatoka shambani: kondoo, waru (viazi), karoti, njegere, maziwa.

Chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga uikaange katika sufuria kavu. Kwanza itatoa maji. Subiri yakauke, kisha uendelee mpaka nyama ishike rangi ya kahawia, kwa sababu ladha yote ya pai hii inatoka katika rangi hiyo. Mwaga mafuta yaliyozidi, tia vitunguu, karoti zilizokatwa vipande vidogo, kijiko kimoja cha unga wa ngano na kikombe kimoja na nusu cha supu ya mifupa, uache itokote mpaka iwe nzito. Njegere zitiwe mwisho. Wakati huo chemsha kilo moja ya viazi. Aina ya Shangi, ambayo huiva na kupondeka upesi, hapa ndiyo bora kabisa. Viponde vikiwa moto, pamoja na siagi na maziwa yaliyopashwa, maana maziwa baridi hufanya viazi viwe na mabonge.

Acha nyama ipoe kabla ya kuifunika, la sivyo viazi vitazama ndani ya mchuzi. Sawazisha juu, chora mistari kwa uma ili ncha zake zikauke na kuwa kahawia, uoke kwa nyuzi 200 kwa nusu saa. Wasio na oveni watumie sufuria nzito juu ya makaa machache na waweke makaa mengi zaidi juu ya mfuniko, kama tunavyooka mikate.

Mpangaji wa Section 58 (Nakuru)

Ninafurahia mada hii, lakini naishi ghorofa ya tatu na hamu yangu kubwa ni nyama choma. Jiko la makaa nalitumia vipi jikoni bila kuwaudhi majirani kwa moshi?

Mpishi wa Lanet

Ndugu yangu, nakusihi usiliwashe kabisa ndani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini, hata pale ambapo moshi umekwisha na makaa yameshika wekundu mzuri. Makaa ni ya uani au mahali pengine palipo wazi.

Ukiwa na oveni, paka mbavu za mbuzi chumvi, zifunike vizuri kwa karatasi ya foili na uzipike kwa nyuzi 160 kwa muda wa saa moja na nusu. Baadaye zifunue, pandisha joto hadi 230 na uziache dakika kumi na tano ili mafuta yachemke na ngozi ya nje ikauke. Ladha ya moshi hutaipata, nami sitakudanganya kwamba utaipata, lakini ulaini na ukavu wa nje vitakuwepo. Siku utakayopata uwanja, washa makaa uyasubiri yafunikwe na majivu meupe kabla ya kuweka wavu, na uuweke juu kidogo. Moto wenye ndimi huunguza nje na kuacha damu mfupani.

Mwalimu wa Kakamega

Salamu kutoka Magharibi. Siwezi kukaa kimya ilhali ingokho haijatajwa. Kuku wa kienyeji, tuseme jogoo aliyenunuliwa sokoni Chwele, hapikwi kama kuku wa gredi, kwa kuwa ametembea maisha yake yote na misuli yake imekaza. Akishanyonyolewa hupitishwa juu ya moto ili vinyweleo viungue, na hatua hiyo ya kumbabua huipa ngozi harufu ya moshi ambayo hakuna kiungo cha dukani kinachoweza kuileta. Hukatwa vipande vikubwa, huchemshwa kwa chumvi na maji kwa saa moja na nusu au mbili, na supu yake huhifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Baada ya hapo vipande hukaangwa katika mafuta machache pamoja na vitunguu mpaka vishike rangi, hutiwa nyanya kiasi, na ile supu hurudishwa kidogo kidogo. Ukianza kwa kukaanga kabla ya kuchemsha, nje hukauka na ndani hubaki kama mpira.

Pembeni tunaweka mrenda uliopikwa kwa munyu, yaani maji yaliyochujwa katika majivu ya mimea, ambayo hulainisha majani magumu. Yanatiwa kidogo sana. Yakizidi mboga huwa na ladha ya sabuni. Firigisi, ambayo zamani ilikuwa ya baba peke yake, katika nyumba yangu hukatwa vipande vidogo na kila mtoto hupata chake. Naliona hilo kuwa jambo la haki.

Mjukuu wa Alego

Kwa ufupi: athola. Nyama ya ng'ombe huchomwa kwanza juu ya makaa mpaka iwe na rangi na harufu, halafu hukatwa na kuchemshwa kwa maji, chumvi na vitunguu, basi. Ukiwa na nyama choma iliyobaki jana, ambayo imekauka na haitafuniki, hii ndiyo njia bora ya kuihuisha.

Mama wa Milimani (Kisumu)

Nimesoma yote kwa furaha, ila chipsi masala hazijaelezwa, na ndizo wanangu huzililia. Osheni viazi vilivyokatwa mpaka maji yawe maangavu, mvikaushe kwa kitambaa, mvikaange mara mbili: kwanza kwa mafuta ya joto la wastani mpaka vilainike bila kushika rangi, mvitoe vipoe, kisha kwa mafuta makali kwa dakika mbili au tatu. Msihifadhi viazi vibichi katika friji, kwa sababu baridi hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi huwa nyeusi kabla ya kuiva. Rojo la nyanya, kitunguu saumu, bizari, pilipili na dania lipikwe pembeni mpaka likauke karibu kabisa, na chipsi zichanganywe nalo zikiwa zimetoka tu kwenye mafuta, watu wakiwa wamekwisha kunawa mikono. Nina swali kwa Nyar Dunga: kachumbari yako huifanyaje isitoe maji na kulowesha samaki?

Nyar Dunga (Kisumu)

Mama, vitunguu nakata vyembamba sana, navisugua kwa chumvi, naviacha dakika kumi na kuvikamua katika maji baridi ili ukali utoke. Nyanya natoa mbegu na ule ute wake, nabakiza mnofu tu. Ndimu, dania na pilipili natia watu wakishaketi, na bakuli la kachumbari huwa peke yake, kila mtu ajipakulie.