Guangzhou mara ya kwanza, niko peke yangu: siku tatu za mwanzo nianzie wapi?

BintiWaTandika
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao natua Guangzhou, China, saa 9 alasiri. Viza ninayo, hoteli nimelipia siku nne pale mtaa wa Xiaobei. Sina mwenyeji, na Kichina sijui hata neno. Kabla ya kuingia masokoni nataka siku tatu za kuujua mji tu. Kutoka uwanjani hadi Xiaobei nitumie usafiri gani? Hela nibebe keshi au niweke kwenye simu? Na hili la WhatsApp kutoshika kule ni kweli? Naomba majibu ya hatua kwa hatua, sio "utazoea tu".

Mzee_wa_Kontena
Karibu, dada. Guangzhou yenyewe haipotezi mtu. Anayepotea ni yule anayefika na simu isiyoandaliwa, kwa hiyo anza ukiwa bado Dar.

Pakua Alipay, app ya malipo ya Wachina, jisajili kwa namba yako ya Tanzania, piga picha pasipoti humo humo, kisha ingiza kadi ya Visa au Mastercard. Pita benki kwanza wakufungulie malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Kinachoangusha wengi ni hiki: benki ikitaka kuthibitisha malipo inatuma namba ya siri kwa SMS kwenye laini yako ya Bongo. Laini ikiwa haina roaming (huduma ya kuitumia nje ya nchi), umekwama kaunta na foleni iko nyuma yako. Washa roaming ya SMS, data ya laini hiyo izime.

Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada. Yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Halafu kadi ya nje hailipi mtu binafsi, inalipa biashara tu. Muuza machungwa mwenye QR yake binafsi aliyoibandika kwenye kadibodi unaweza ukashindwa kumlipa, na si kosa lako wala lake. Kwa ajili yake, na kwa siku simu ikiisha chaji, tembea na keshi kama yuan 500, nyingi ziwe noti za 10 na 20. Dola badilisha benki kwa pasipoti. Wale wanaokunong'oneza barabarani achana nao, noti bandia zinapita mikononi humo.

WhatsApp: ni kweli. Pamoja na Google, Facebook na Instagram, imefungwa kwenye intaneti ya China, iwe laini ya huko au wifi ya hoteli. Laini au eSIM (laini isiyo na kadi, inaingizwa kwenye simu kwa mtandao) ya nje inayotumia roaming inapita, kwa sababu data yake inazungukia kwanza kwenye mtandao wa nchi ilikotoka. Nunua hiyo eSIM na uiweke kwenye simu ukiwa nyumbani. WeChat, app ya kuchati ya Wachina, nayo fungua mapema: akaunti mpya mara nyingi huombwa ithibitishwe na mtu mwenye akaunti ya zamani, na kule peke yako utamtoa wapi?

ReliYaPili
Mzee kamaliza upande wa simu. Mimi nakuchorea njia.

Line 3 ya metro (treni za mjini) ina stesheni mbili pale uwanja wa ndege wa Baiyun: Airport South ni ya Terminal 1, Airport North ya Terminal 2. Mabango yana Kiingereza. Kabla ya geti mizigo inapita kwenye eksirei, na ni hivyo hivyo kila stesheni mji mzima.

Panda Line 3 hadi Jiahewanggang. Hapo hamia Line 2, uelekeo wa Guangzhou South. Sasa angalia sana: Line 2 hiyo hiyo ina Guangzhou Railway Station na ina Guangzhou South Railway Station. Yako ni ya kwanza, inakuja mara tu baada ya Sanyuanli. Ukisinzia utaamkia mwisho wa reli, kule Panyu, mji umeuacha nyuma. Ukishashuka Guangzhou Railway Station, hamia Line 5 uelekeo wa Huangpu New Port, kituo kimoja tu, Xiaobei. Nauli yote haifiki yuan 10.

Tiketi ya mashine si karatasi. Ni kidude cha plastiki cha duara, kama kifuniko cha soda. Kuingia unakigusisha juu ya geti, kutoka unakitumbukiza kwenye tundu na geti linakimeza. Usikitupe njiani. Ukitaka kutumia simu, ndani ya Alipay ingia sehemu ya usafiri, chagua Guangzhou, utapata QR ya metro. Simu uliyoingilia ndiyo utakayotokea. Ikizima ukiwa ndani, nenda kwenye kibanda cha mhudumu kando ya geti.

Treni za mwisho ni karibu saa 5 usiku. Ndege ikichelewa ukatoka nje baada ya saa 4, sahau metro, panga foleni ya teksi rasmi. Mita inaanza yuan 12 kwa kilomita 3 za kwanza. Hadi Xiaobei weka akilini yuan 100 hadi 150. Anayekufuata ndani ya jengo akikuuliza unakwenda wapi ni dalali. Na ukiwa na mabegi, usiiguse Line 3 saa 1:30 hadi 3 asubuhi.

Kitenge_Pamba
Naongeza yanayosahaulika.

Ramani: Google Maps hata ikifunguka itakudanganya, kwa sababu China ina mfumo wake wa vipimo vya ramani na alama yako inaweza kusogea mita mia kadhaa. Tumia Amap, ambayo Wachina wanaiita Gaode; ina Kiingereza. Mwenye iPhone, ramani ya Apple inafanya kazi vizuri tu.

Anwani ya hoteli iwe kwa herufi za Kichina, picha kwenye simu na nakala kwenye karatasi. Dereva hasomi "Xiaobei", anasoma 小北. Chukua pia kadi ya hoteli pale mapokezi. Stesheni zina milango ya A, B, C, D, na ukikosea unaibukia ng'ambo ya barabara usiyoweza kuivuka. Uliza herufi ya mlango kabla hujatoka.

Ghorofa: kule "1" ni ya chini kabisa, ile tunayoingilia. Ukiambiwa duka liko ghorofa ya 3, panda ngazi mara mbili, sio tatu.

Soketi zao ni za pini mbili bapa, au tatu bapa zilizoinama. Plagi yetu ya pini tatu haiingii, beba adapta. Pawabenki bila alama ya 3C (alama ya usalama ya China) haipandi ndege za ndani ya China tangu 28 Juni 2025.

Chakula usihofu. Migahawa ya halali imejaa Xiaobei, tafuta maandishi 清真. Siku ya kwanza zunguka hapo kwa miguu tu. Ya pili panda metro bila mzigo, mpaka kuhama line kusikutoe jasho. Msikiti wa Huaisheng uko karibu na Ximenkou, Line 1, ni zoezi zuri. Masoko iwe ya tatu, na uende kuangalia bei tu.

BintiWaTandika
Asanteni sana, nimenakili yote. Moja limebaki: baada ya zile siku nne kuna dada wa kwetu amesema nihamie kwake. Kuna shida?

Mzee_wa_Kontena
Hakuna shida ukijiandikisha. Hotelini wanakuandikisha polisi wenyewe wanapokagua pasipoti. Ukilala nyumba ya mtu, jukumu ni lenu: ndani ya saa 24 muende kituo cha polisi cha mtaa huo na pasipoti yako na mkataba wa nyumba. Faini inaweza kufika yuan 2,000. Muulize huyo dada mapema kama mkataba una jina lake. Akianza kusitasita, ongeza siku hotelini. Na pasipoti halisi tembea nayo, Xiaobei wanakagua.

ReliYaPili
Na kama safari yako inaangukia 15 Aprili hadi 5 Mei, au 15 Oktoba hadi 4 Novemba, hizo siku za kuongeza lipia leo. Ni Canton Fair, maonyesho makubwa ya biashara, hoteli zinapanda bei mji mzima.