Kijiji cha Marekani kina lami na minara ya zege, lakini watu wako wapi?

Binti Kilombero

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike anasoma chuo pale Hays, jimbo la Kansas. Mwezi uliopita mwenzake wa darasani alimchukua wakaenda kwao kijijini, wazazi ni wakulima wa ngano. Katuma picha kumi na tatu. Mama (tuko Ifakara) kazikagua moja moja kama anayechambua mchele. Kuna barabara iliyonyooka mpaka inaishia mbinguni, kanisa dogo la mbao, gari la zimamoto, na minara ya zege mirefu kuliko ya simu. Mtu hata mmoja hayupo. Kuku hakuna, mtoto wa kukimbiza tairi hakuna, genge la nyanya hakuna. Mama kauliza: "Hawa wamehama au wamekufa?"

Mdogo wangu anajibu tu kwamba ilikuwa saa nane mchana na ndivyo kulivyo. Kuna mtu anayeishi huko anieleze? Mazao wanamuuzia nani, wanakutana wapi, jirani yuko umbali gani? Majibu nitamsomea mama kwa sauti, kwa hiyo lugha zenu za vijiweni ziacheni huko huko.

Mangi wa Rombo

Hiyo mbona ni Rombo mwezi wa pili. Mwambie mama asubiri Desemba, watu watarudi.

Dereva wa Basotu

Mama shikamoo. Mimi niko Wichita mwaka wa tisa sasa, naendesha lori, na kila ikifika Juni naachana na mizigo ya mjini naenda kubeba ngano magharibi ya Kansas. Kwetu ni Hanang. Marehemu baba aliendesha kombaini kwenye mashamba ya Basotu enzi za NAFCO, lile shirika la kilimo la serikali, kwa hiyo vumbi la ngano lilinijua kabla sijalijua mimi.

Watu wapo, mama. Ila hawakai pale penye kanisa, kila mmoja yuko katikati ya shamba lake. Mwaka 1862 serikali yao ilitunga sheria: unalipa ada kidogo, unapewa ekari 160, unajenga, unalima na unakaa hapo hapo miaka 5, ndipo inakuwa mali yako. Ukiondoka umeipoteza. Nani basi angejenga karibu na jirani? Ardhi ya huko ilikatwa miraba kama daftari la hesabu, nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo. Sisi Operesheni Vijiji ilitutoa kwenye maboma yetu ikatupanga mstari mmoja. Wao sheria iliwatawanya. Kinachoitwa kijiji ni mahali pa kusalia, kuchukulia barua na kupimia nafaka.

Hiyo minara ni vihenge. Mara nyingi ni mali ya ushirika wa wakulima wenyewe, AMCOS ya kwao niseme, na utaratibu wake ni stakabadhi ghalani kabisa. Lori linapanda mizani likiwa na mzigo, tani kama 36 pamoja na gari lenyewe. Bomba linashuka toka juu linanyonya ngano kidogo, wanapima unyevu na uzito, unamwaga kwenye shimo lenye chuma cha wavu, unarudi mizani mtupu, unapewa karatasi. Mwenye mali akitaka anauza siku hiyo hiyo, akitaka anaiacha humo akisubiri bei. Ukitaka kuona watu ndiyo hapo, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai. Mwaka jana nilikaa foleni masaa matatu nyuma ya malori kumi na mbili, na mama mmoja wa ofisi ya mizani akawa anapita na maji baridi. Kaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Tanzania, kaniuliza kama ngano inaota Afrika. Nikamwonyesha picha ya baba amesimama juu ya kombaini. Kaiangalia muda mrefu, akasema mashine kama ile babake pia alikuwa nayo.

Nje ya msimu ni kimya. Mzee ninayembebea mzigo analima ekari elfu tatu na ushee yeye, mwanawe na kibarua mmoja. Kombaini yake ina mdomo wa mita 12. Anasema babu yake alipolima hapo, ekari hizo hizo zilikuwa na familia kumi na kitu, shule yao na timu yao ya mpira. Ngano wanayovuna leo ni nyingi kuliko ya babu, ila wa kuila pale pale hakuna. Mtama nao wanalima sana, Kansas inaongoza Marekani nzima. Nilipouona mara ya kwanza nilifurahi nikadhani nitapata ugali. Kumbe ni wa mifugo, wa kutengenezea mafuta ya magari, na wa kupakiwa melini.

Jirani yuko kilomita mbili au tatu, lakini msimchukulie poa. Shamba la ngano likishika moto mchana wa upepo, hilo gari la zimamoto kwenye picha linaendeshwa na wakulima wenyewe, hawalipwi, na wengine wanakuja na matrekta na haro kukata njia ya moto. Barabarani kila gari mnalopishana dereva anakunyanyulia kidole kimoja bila kuachia usukani. Wiki ya kwanza nilidhani wananionya taa imeungua.

Mzee Kiparara

Sheria ya ardhi ya bure iliwanufaisha zaidi wazungu. Weusi walipata nini? Semeni yote.

Dereva wa Basotu

Mzee wangu, umenigusa pale pale. Nilikuwa naogopa kurefusha.

Kutoka Hays kwa gari ni kama saa moja, barabara namba 24, kaunti ya Graham: kuna kijiji kinaitwa Nicodemus. Kilianzishwa na watu weusi mwaka 1877, miaka 12 tu baada ya utumwa kufutwa. Wengi walitoka Kentucky. Mchungaji mweusi, W. H. Smith, na mzungu mfanyabiashara wa ardhi, W. R. Hill, waliunda kampuni ya mji, wakasambaza vipeperushi makanisani: njooni nchi ya ahadi. Watu wakauza walivyonavyo, wakapanda treni mpaka Ellis, na kutoka hapo hakuna reli, ni miguu, kilomita zaidi ya hamsini kwenye nyasi tupu.

Willianna Hickman, mke wa mchungaji, alifika 1878 na kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Wanaume wakapiga kelele kwamba Nicodemus ndiyo ile. Naye, mgonjwa, akatazama na asione nyumba. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wamechimba mashimo kwenye udongo wanaishi humo, kwa sababu mti wa kujengea haukuwepo. Alilia. Mimi nimesimama pale kukiwa na upepo wa Machi, na sitamlaumu.

Majira ya baridi ya kwanza karibu yawamalize. Walilima kwa majembe ya mkono maana wenye farasi walikuwa wachache mno. Waliowasaidia ni Waosage, wenyeji wa asili waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda, wakawagawia nyama. Angalia hilo, Mzee: ardhi ilitolewa "bure" kwa sababu wenyeji walishafukuzwa, na bado ni wenyeji waliolisha wageni.

Basi wakainuka. Kufikia 1887 palikuwa na maduka, hoteli, makanisa, shule, magazeti mawili. Mkazi mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi, mwaka huo! Kilichowapiga hakikuwa ukame peke yake. Walihitaji reli. Mwaka 1887 walipiga kura wakope dola 16,000 kuivuta reli ipite kwao. Kampuni ya kwanza haikuja. Ya pili ikapita kusini ya mto, kilomita chache tu, na pale ilipokuwa kambi ya wajenzi pakaota mji wa Bogue. Wenye maduka wakahamia reli ilipo. Mnaojua miji iliyokimbiwa lami ilipochepushwa, hamhitaji maelezo.

Waliobaki ni wenye mashamba. Miaka ya 1930 ukame na dhoruba za vumbi zikapunguza tena, posta ikafungwa 1953. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14.

Mangi wa Rombo

Kumi na wanne! Hiyo ni meza moja ya harusi kwetu.

Dereva wa Basotu

Mangi, wewe ndiye ungeelewa kuliko wote. Wikiendi ya mwisho ya Julai wanarudi. Wanatoka Denver, Kansas City, California, wajukuu na vitukuu wa wale waliokaa mashimoni, na barabara mbili za vumbi zinajaa magari kama Marangu tarehe 24 Desemba. Sherehe ilianza kama kumbukumbu ya kufutwa utumwa, na haijafa. Gwaride, ibada, nyama za kuchoma, watoto wanaonyeshwa mahali shimo la babu lilipokuwa. Tangu 1996 kijiji ni eneo la kihistoria la taifa, majengo matano yanatambuliwa: makanisa mawili, hoteli ya zamani, shule, na ukumbi wa mawe wa mwaka 1939 ambao sasa ndio wageni wanapokelewa.

Nilikwenda 2022 baada ya mavuno. Nimekaa kivulini na sahani yangu, bibi mmoja mwenye kofia ya zambarau akaja moja kwa moja akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Yaani "wewe mtoto wa nani", kama niko kwetu Katesh. Nikamjibu mimi mgeni, natoka Tanzania, nabeba ngano. Akasema basi kaa, na akaniongezea viazi.

Kijana wa Eldoret

Niko Minnesota, hapa kwetu ni mahindi na soya, na hali ni ile ile. Shule tatu za vijiji zimeunganishwa ikawa moja, watoto wanapanda basi la njano kabla ya jua. Wazee wanakutana kituo cha mafuta asubuhi, kahawa ya dola moja, wanabishana bei ya mbolea mpaka saa tatu. Mwambie huyo dada akitaka kuwaona watu aende hapo saa kumi na mbili, si saa nane mchana. Hiyo saa nane kila mtu ako kwa trekta.

Binti Kilombero

Nimesoma yote kwa sauti, na majirani wawili wamekuja kusikiliza. Kaka Dereva, mama anakushukuru na anasema pole kwa baba. Kwenye habari ya yule Willianna aliyelia, mama alininyamazisha kidogo. Reli amesema na hapa tunaijua, watu walihamia kwenye stesheni za TAZARA.

Ila ana swali moja na hataki nilale bila kuliuliza. Hao watu 14, akifa mmoja, nani anachimba kaburi?

Dereva wa Basotu

Mwambie mama makaburi yapo na nyasi zinakatwa. Nilizunguka humo kabla ya kuondoka. Nilidhani nitakuta mawe ya zamani tu, lakini kuna jiwe lilikuwa jipya, udongo bado umeinuka, maua ya plastiki hayajapauka. Nikamuuliza yule bibi wa kofia. Akasema huyo aliishi Denver zaidi ya miaka hamsini, wanawe wakamleta. Kuchimba walichimba wajukuu, na mkulima wa jirani, mzungu, alikuja na trekta maana ardhi ilikuwa imekauka.