Tupeane uzoefu: sinema uliyoirudia ndipo ukajua mara ya kwanza hukuiona

Kijana wa Langoni
Assalaam aleikum wanabaraza. Jana stima ilipotea huku kwetu Lamu tangu magharibi. Mtoto wa dadangu akabaki na simu yake, akaketi dakani akaitazama Memento mwanzo mpaka mwisho. Akaja kaniambia, "Mjomba, hii sinema imekatwa ovyo. Walioipakia wameanzia mwisho."

Nikacheka peke yangu. Neno hilohilo nililisema mimi miaka mingi nyuma kwenye kibanda cha video, nikataka nirudishiwe kiingilio changu. Mwenye kibanda akanijibu, "Rudi kesho utazame bure, ukishindwa tena ni kichwa chako." Nikarudi. Kumbe vipande vya rangi vinarudi nyuma na vya nyeusi na nyeupe vinakwenda mbele, na vinakutana pale picha ya maiti inapojitokeza kwenye karatasi na rangi ikaingia polepole. Nilitoka jasho pale kwenye mkeka.

Haya, kila mtu na yake. Ipi ilikurudisha?

Abu Tufani
Mimi The Sixth Sense, na ni kwa sababu ya dijei. Mnawajua hawa wa kutafsiri juu ya sinema. Kibandani kwetu jenereta inanguruma nje, punda analia, dijei anapiga kelele kuliko wote. Dakika kumi hazijafika akasema, "Sasa watu wangu, huyu daktari keshakufa hapa, ila mwenyewe hana habari." Ukumbi mzima ukaguna. Kuna mtu alirusha ndara.

Nikakaa nimekasirika, lakini hasira ikanifanya nitazame vingine. Hakuna anayemjibu yule daktari ila yule mtoto anayeona wafu. Mkewe pale mkahawani analipa na kuondoka bila kumtupia jicho, naye anadhani amenuniwa kwa kuchelewa. Mlango wa chini ya nyumba, kitasa chekundu, haufunguki. Wenzangu waliiona sinema ya mashetani. Mimi nikaona mume asiyesikilizwa nyumbani kwake. Bila kukusudia, dijei alinipa mara ya pili kabla ya mara ya kwanza.

Bint Shela
Umenimalizia!! Nilikuwa nayo kwenye flashi naingojea wikendi.

Abu Tufani
Bibie, ya 1999 hiyo. Ulikuwa unangojea maji yakupwe?

Bint Shela
Nilikuwa na umri wa mwaka mmoja 1999. Ungeandika onyo juu.

Mpiga Pia
Mmesema ya kurudia, mimi nasema Inception ya 2010. Nimeitazama mara tisa. Jamaa ana pia ya kujipimia: ikianguka yuko macho, isipoanguka yumo ndotoni. Mwisho inazunguka mezani, watoto wake walewale wa ndotoni wanakuja mbio, giza. Yumo ndotoni, hajatoka. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mwalimu wa Hindi
Macho unayo ila umeyaelekeza mezani. Ile pia si yake, ni ya marehemu mkewe. Yeye mtazame kidole: ndotoni ana pete, akiwa macho hana. Mwisho kidole kitupu. Na watoto unaosema ni walewale wa ndotoni, soma majina ya waigizaji mwishoni: wametumia watoto wawiliwawili kwa kila nafasi, wadogo na wakubwa zaidi. Wamekua!

Mpiga Pia
Nani anakaa kusoma majina mwishoni? Watu wanatafuta viatu wakati huo.

Mwalimu wa Hindi
Ndiyo maana umeitazama mara tisa na bado uko mlangoni. Michael Caine mwenyewe amewahi kueleza kwamba Nolan, mwongozaji wa sinema, alimwambia: kila ukiwemo wewe, ni kweli si ndoto. Naye mwisho yumo.

Mpiga Pia
Sasa kama inabidi mwigizaji aje aniambie, sinema imeshindwa kujisemea. Mimi nimekulia na pia, ile ilikuwa bado ina nguvu.

Abu Tufani
Ilianza kuyumba bwana. Niliiona kwa macho yangu.

Mpiga Pia
Kuyumba si kuanguka. Hata walevi huyumba.

Mwana wa Mambasa
Nyinyi na Wazungu wenu. Andhadhun ya Kihindi je? Nyumbani kwetu Mkomani tumegawanyika tangu ilipotoka 2018. Mama yuko upande wake, mimi upande wangu, na chai tunakunywa pamoja.

Yule mpiga kinanda anajifanya kipofu, kisha anapofuliwa kweli. Mwisho yuko Ulaya, anamhadithia yule msichana kwamba sungura aliruka barabarani, mwindaji akafyatua, gari likabiringika, naye kwa hiyo hakuchukua macho ya mtu. Msichana anamwamini. Jamaa anatoka, kopo liko njiani, analipiga kwa fimbo likaruka. Kipofu gani huyo!

Mara ya pili ndipo nikaona kichwa cha ile fimbo. Kimechongwa sungura. Nikamwita Mama, "Njoo uone, sungura wake kamtoa mkononi!" Sisi tumelelewa na hadithi za sungura, tunajua kazi yake ni nini. Mama akasema, "Na yule sungura anayewindwa shambani mwanzoni kabisa, kabla hata ya kinanda, huyo ulimwona wapi? Au naye katoka kwenye fimbo?" Sina jibu mpaka leo.

Bint Shela
Mama yako namuunga mkono.

Karani Mstaafu
Vijana, mimi nimekaa miaka mingi nikiandika maneno ya mashahidi. Rashomon, ya Kijapani, 1950, nyeusi na nyeupe. Samurai kauawa msituni. Jambazi ana yake, mke ana yake, marehemu mwenyewe anapandishwa kwa mganga ana yake. Na ajabu ni kwamba hakuna anayesema "si mimi." Kila mmoja anakubali kosa, ila anataka lionekane la heshima.

Nilipoitazama nikiwa kijana nilimwamini mtema kuni, shahidi wa nne, maana hana upande. Nilipoirudia baada ya kustaafu nikangojea pale anapoulizwa kile kisu cha thamani kimekwenda wapi. Mtazameni uso wake. Hawezi kujitetea. Nyuso kama hizo nimeziona nyingi, mashahidi wema kabisa, waliookota kitu kidogo njiani.

Abu Tufani
Mzee wangu, na pale mtema kuni anapomchukua yule mtoto mchanga aliyetupwa mwishoni, unamwamini?

Karani Mstaafu
Namwamini nikiwa nimeshiba.

Ciao Malindi
Lamu mnajiona wenyewe tu. Mimi ni wa Malindi, nimekaa Italia miaka saba, nimerudi. Yangu ni Touki Bouki, ya Senegal, 1973. Mory na Anta wako Dakar, wana pikipiki yenye fuvu la ng'ombe na pembe zake mbele, wanataka meli ya kwenda Ufaransa kwa njia yoyote. Wimbo wa Paris unarudiwa mpaka unachosha. Mwisho wamefika bandarini, Anta anapanda, Mory anageuka anakimbia. Meli inaondoka.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na moja, nina pasipoti mpya mfukoni. Nilimtukana Mory kwa sauti. Mjinga, umefika ngazini! Mara ya pili nimeitazama mwaka huu. Sikumtukana. Ila pia sikumsifu, maana nilijikuta namfuata Anta kwa mawazo, kule melini, peke yake. Nani atampokea? Sinema haimfuati. Mimi najua chumba atakacholala.

Mpiga Pia
Na hiyo pikipiki ni ndoto au kweli?

Ciao Malindi
Toka hapa.

Msomaji Kimya
Nimekuwa nikisoma tu humu muda mrefu. Sikutaka kuandika, ila huyo mpwa wako, Kijana wa Langoni, kanigusa palipo na kidonda.

Marehemu babangu alikuwa mtu wa majahazi. Miaka yake ya mwisho kumbukumbu zilianza kumtoka. Za zamani zote anazo, bandari kwa bandari, kaskazi inaingia lini, kusi inakupeleka wapi. Za jana hana. Mama akamtangulia. Siku ya maziko baba alikuwepo, akatia udongo kwa mkono wake. Wiki ya pili akaniuliza, "Mamako yuko wapi?" Nikamwambia. Akalia kama siku ya kwanza. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia tena kama siku ya kwanza, maana kwake ilikuwa ndiyo siku ya kwanza. Siku ya tatu dadangu akanikata kauli, akasema, "Kaenda Mambrui kwa dada yake, atarudi Ijumaa." Baba akasema, "Haya," akaumaliza uji wake. Ikawa ndiyo ada. Mambrui asubuhi, Mambrui jioni, miezi.

Memento, ile ya Leonard asiyeshika kumbukumbu mpya, anayemsaka muuaji wa mkewe, niliiona kipindi hicho. Mara ya kwanza nilifuata kama mtu yeyote, nani muuaji, nani mwongo. Teddy, yule anayejifanya rafiki yake, nikamchukia. Mara ya pili ilikuwa usiku, baba kalala chumba cha pili, sauti nimeipunguza. Nikafika pale mwisho ambao ndio mwanzo. Leonard yumo garini. Keshaambiwa ukweli, anao, ila hautaki. Anachukua kalamu, anaandika namba ya gari ya Teddy iwe ushahidi, makusudi kabisa, akijua muda si mrefu atakuwa hakumbuki kwamba ni yeye aliyeutega huo mtego. Nikaizima. Nikajiambia, huyu mwenye kalamu ni mimi. Ni mimi ninayemwandikia babangu alama za uongo azifuate. Asubuhi nikamwambia dadangu tuache. Tuligombana mpaka jirani akagonga ukuta.

Hatukuacha.

Baba alipofariki tulikuwa tunatoa nguo zake sandukuni. Chini kulikuwa na kijidaftari chake cha safari, nyuzi zimefumuka. Mbele ni hesabu za boriti na nazi. Ukurasa wa nyuma kabisa, kwa herufi za Kiarabu, mkono umetetemeka, kaandika: "Mama watoto amekufa. Wanasema yuko Mambrui. Usiulize. Mtoto wa kike huenda jikoni kulia."

Mimi hata sikujua kwamba dadangu alikuwa akilia jikoni.

Hapo ndipo tulipokumbuka. Kuna wakati aliacha kuuliza yuko wapi. Alikuwa akisema tu, "Mkipata mtu wa kwenda Mambrui, nisalimieni." Sisi tukadhani dawa zimemkubali.

Bint Shela
Nimesoma hii kwenye boti ya Mokowe. Nimejifunika ushungi mpaka tumefika gatini.

Karani Mstaafu
Mungu amrehemu. Aliandika lini?

Msomaji Kimya
Hakutia tarehe, mzee. Safari zake zote za mbele zina tarehe, huo hauna. Kwa hiyo hatujui aliusoma mara ngapi.

Abu Tufani
Innalillahi. Sina la kusema.

Mtoto wa Kizingitini
Mimi ninalo. Pole sana ndugu, lakini uongo ni uongo. Mzazi haambiwi uongo hata akiwa mgonjwa.

Mke Mwenza wa Bahari
Wewe hujauguza. Ukiuguza utarudi hapa ufute. Mimi mamangu mkubwa nilikuwa namwambia kila siku kwamba ng'ombe wamekamuliwa. Ng'ombe waliuzwa mimi sijazaliwa.

Mtoto wa Kizingitini
Ng'ombe si mke.

Mke Mwenza wa Bahari
Hapana. Ila usiku wa manane atakaye kwenda zizini ni yeye, na wa kumrudisha ni mimi.

Mwalimu wa Hindi
Pole sana kaka. Naomba tu kusema kuhusu sinema, usinichukulie vibaya: Teddy naye alikuwa akimtumia yule mgonjwa. Si wa kuonewa huruma moja kwa moja.

Mwana wa Mambasa
Mwalimu, hata leo!

Msomaji Kimya
Hapana, mwacheni, kasema kweli. Mimi nimeitazama mara ya tatu baada ya kile kijitabu, na nilichokiona ni kwamba nilikaa kiti kibaya zile mara mbili. Nilijiona ndiye mwenye kalamu. Kalamu alikuwa nayo baba.

Kijana wa Langoni
Kaka, nimemsomea mpwa wangu yako. Kanyamaza, kisha kaenda kuitia simu chaji. Anairudia usiku huu.

Sasa wengine wananiuliza pembeni waanzie wapi. Wenye ushauri leteni.

Ciao Malindi
Mara ya kwanza usisimamishe hata ukitaka maji.

Mwalimu wa Hindi
Simamisha kila usipoelewa, uandike.

Abu Tufani
Mara ya pili usimtazame anayesema, mtazame anayesikiliza. Na dijei mnyamazishe.

Mke Mwenza wa Bahari
Msitazame na mume anayeuliza "huyu ni nani tena?" kila dakika.

Bint Shela
Msisome uzi huu kwanza 😒

Mpiga Pia
Anzeni na Inception. Yumo ndotoni.

Karani Mstaafu
Rashomon ninayo yenye maandishi ya Kiingereza chini, haifiki hata saa moja na nusu. Anayeitaka alete flashi pale Mkunguni baada ya alasiri, nitakuwa kwa muuza kahawa. Na isiwe tupu. Nami nataka hiyo ya sungura.