Mdiria wa Kibirizi: kifua kinaungua, mabawa yanatoka ukungu

Mwanga_Ujiji: Wakuu, naomba msaada. Hapa Kibirizi, Kigoma, kuna yule mdiria, ndege mvuvi mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji kabla ya kuchupa. Lenzi ni 70-300, tundu la lenzi f/5.6, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/640 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, saa tano asubuhi. Kifua kinatoka cheupe tupu, manyoya hayaonekani, na mabawa ni ukungu. Nitafute lenzi nyingine?

Lenzi_Ndefu: Lenzi haina kosa. Akielea, kichwa hutulia ila mabawa yanakwenda mbio, kwa hiyo anzia shata 1/2000. Akichupa, 1/3200. Fokasi iwe ya kufuatilia mfululizo, na utumie kundi la nukta za fokasi za katikati. Nukta zote zikiwashwa kamera hukimbilia mawimbi.

Weupe unaungua kwa sababu kipimo cha kamera kinasoma maji ya ziwa, yaliyo meusi, kisha kinaongeza mwanga. Ukipunguza mwanga kwa −1 kwenye fidia ya kamera itasaidia, lakini ndege akipanda tu na anga likawa nyuma yake, tumbo linakuwa jeusi. Weka M (unapanga mwanga mwenyewe) na ufunge ISO: jua linalompiga ndege ni lile lile, awe juu ya maji au angani. Kwa f/5.6 na 1/2000, jua la mapema anzia ISO 640. Likishapanda, 250 inatosha. Washa alama ya kumweka kwenye weupe uliozidi. Kifua kikimweka, shusha ISO.

Mwalo_Asubuhi: Naongezea saa, maana mipangilio yote hiyo haitaokoa picha ya saa tano. Kuanzia saa nne hewa juu ya maji inatetemeka kwa joto. Ndege aliye mita 60 anatoka laini hata fokasi ikiwa sahihi, na dawa ni kumsogelea tu. Kwetu Kigoma ziwa liko magharibi, hivyo asubuhi jua liko mgongoni mwako na linamwangaza ndege. Jioni unapiga ukilikabili. Saa moja hadi saa tatu ndiyo zako.

Angalia na upepo. Mdiria huelea akiukabili. Ukitoka nchi kavu, atakutazama usoni. Ukitoka ziwani, utapiga mkia.

Mwanga_Ujiji: Asanteni sana. Na nikikodi mtumbwi?

Lenzi_Ndefu: Traipodi iache nyumbani, itapitisha mtetemo wa mashine hadi kwenye kamera. Zimeni injini, shika kamera mkononi, viwiko vibane mbavuni, usiviegemeze ubavuni mwa mtumbwi. Na lenzi isielekee bandarini bila kibali.

Mwalo_Asubuhi: Msisogee kwenye kingo za mchanga zenye matundu, humo ndimo anamotaga. Mkimwona ameshika samaki, kichwa cha samaki kikitazama mbele, hamli yeye mwenyewe: anampelekea mwenza au makinda. Akizunguka na samaki huyo bila kuingia tunduni, ninyi ndio mmemzuia. Rudini nyuma hapo hapo, hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani.