Washauri waelekezi, acheni kuwauzia watu wa alizeti maandiko ya kunakili

Wakuu, huu upigaji kwenye upembuzi yakinifu wa viwanda vidogo, yaani andiko la kuonyesha kama mradi utalipa, umezidi. Mtu anataka kukamua alizeti Singida au Dodoma, benki inamwambia alete andiko. Anamlipa mshauri mwelekezi mamilioni, zaidi ya nusu kabla kazi haijaanza, anakabidhiwa PDF nene yenye jalada linalong'aa. Ndani ni andiko la mteja mwingine lililobadilishwa jina. Mengine bado yanatumia sensa ya 2012, watu milioni 44.9, wakati ya 2022 ilitoa milioni 61.7 na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wameiweka mtandaoni bure!

Hayo ya sensa hayamfilisi mtu. Kinachofilisi ni ukurasa wa uzalishaji. Wanaandika mbegu inatoa mafuta 40%. Hayo ni mafuta yaliyomo ndani ya mbegu bora, siyo yanayotoka kwenye mashine. Ekspela ndogo (mashine ya kukamua) huacha mafuta mengi kwenye mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa, na mbegu za mtaani zina takataka na unyevu. Ukipata kilo 25 hadi 28 kwa kilo 100, shukuru. Pigeni hesabu: tani moja kwa 40% ni lita kama 435, kwa 28% ni lita 304. Lita 131 hewa kwa kila tani, na marejesho ya mkopo yamepangwa juu yake.

Halafu eti "siku 300 za kazi kwa mwaka". Kwa alizeti ipi? Mavuno huanza Mei hivi, na asiye na mtaji wa kununua na kuhifadhi mbegu msimu ukiwa umechanganya anafunga mashine mapema. Kwenye andiko utakuta pesa ya mbegu imetengwa ya mwezi mmoja tu. Riba wameweka 10%, ilhali wastani wa riba za mikopo kwenye taarifa za BoT (Benki Kuu) umekuwa ukizunguka 15%. Ushuru wa mafuta kutoka nje, ambao bajeti ya Juni ikiushusha bei ya mbegu inaporomoka, hautajwi hata kwa mstari mmoja.

Mnaotaka kuajiri, andikeni kwenye hadidu za rejea (maelezo ya kazi mnayompa mshauri) kwamba mtapewa faili la Excel lenye fomula zake. Badilisha bei ya mbegu. Faida ya mwisho isipotikisika, namba zimechapwa tu, usilipe. Malipo yawe 20% ya kuanzia, 30% rasimu ikija, 50% benki ikimaliza maswali yake. Kila malipo kateni kodi ya zuio ya 5%, ipelekeni TRA (Mamlaka ya Mapato). Mshauri akinuna, mpeni cheti chake cha kodi hiyo. Msipokata mtadaiwa nyinyi.

Na nyie mnaoleta ankara za dola kwa mteja wa Singida: kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Rudini mkaandike shilingi.